Jinsi nilivyompata mhariri wa riwaya yangu

Kabla sijamtafuta mhariri nilijiuliza kwanza nataka ahariri nini. Wengi husema wanataka mtu wa "kuwasahihishia kitabu", kumbe kazi zenyewe ziko mbalimbali: kuna anayetazama hadithi imesimama vipi, kuna anayenyoosha lugha sentensi kwa sentensi, na kuna msoma prufu, ambaye huja mwisho kabisa, kurasa zikishapangwa. Riwaya yangu ni ya wavuvi wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na lugha haikunitia shaka sana. Nilitaka mtu wa kuipekua hadithi.

Majina niliyapata kwa waandishi wenzangu, mengine kwenye kurasa za mwanzo za vitabu nilivyovipenda, maana baadhi ya wachapishaji humtaja humo aliyehariri. Wasifu peke yake sikuuamini. Kila mmoja nilimpelekea kurasa zilezile chache, nikamlipa kwa jaribio hilo (mhariri naye anakula), na ndani yake nikatega mtego: Haji anaingia baharini na ngalawa yake saa nne usiku, mwezi mpevu, maji yamejaa mpaka kwenye mashina ya minazi.

Mtu wa pwani hapo ataguna. Mwezi mpevu ni bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, na huku kwetu bamvua saa nne maji yamekupwa. Pale Jambiani ngalawa huwa zimelala mchangani, bahari iko mbali kule mwambani.

Mmoja alirudisha kurasa zimejaa wino mwekundu, koma zote mahali pake, mtego kaupita hivihivi. Mwingine aliyaandika upya mazungumzo yote, wavuvi wangu wakawa wanaongea kama wasomaji wa taarifa ya habari. Huyo sikufika naye ukurasa wa pili.

Bwana mmoja wa Tanga ndiye aliyeandika pembeni: "Ndugu mwandishi, saa nne na bamvua wapi na wapi? Au ulikusudia saa kumi?" Kisha akauliza nisilolitega: mke wa Haji kaenda wapi, mbona baada ya ukurasa wa kwanza hatajwi tena?

Nilimpigia simu siku hiyohiyo. Tuliandikiana mkataba: malipo kwa ukurasa, nusu mwanzo nusu mwisho, raundi mbili za uhariri, haki za kitabu zibaki kwangu. Uamuzi wa mwisho ni wangu, ila yeye ana ruhusa ya kubisha. Na anabisha kweli! Sura ya sita bado tunavutana: yeye anataka mzee Makame afe mapema, mimi nataka auone msimu wa upepo wa kaskazi.