Mapenzi ya mjomba na mikorosho ya baba

Huku Mtwara na Lindi, mtu akikwambia mjomba wake anampenda, hazungumzii hela ya sikukuu. Kwa mila za Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye anayeulizwa mtoto akipelekwa jandoni, ndiye anayekaa mbele mahari yakizungumzwa, na ndoa ikiyumba hodi ya kwanza inapigwa kwake. Baba naye anapenda, ila kwa kulisha, kusomesha na kupanda mikorosho.

Mapenzi ya mke na mume tunayapima shambani. Palizi ni yao wote. Salfa, dawa ya unga, hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia, ili ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, usile maua. Kuanzia Oktoba mke anainama kuokota, anatenganisha korosho na mabibo, anazianika, anachambua mbovu. Kisha gunia linapimwa chama cha msingi cha ushirika kwa jina la mume, na malipo yanaingia akaunti ya mume. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapovunjika, na naona mke ana haki ya kuumia. Kazi yake ni mali: hata zile za ndani ya nyumba, Mahakama ya Rufani ilizikubali kuwa mchango mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu.

Zito zaidi huja baba akifariki. Zamani mume alihamia kwa wakwe, akapanda kwenye ardhi ya ukoo wa mke. Mti ukawa wake, ardhi si yake. Wapwa wanakuja na hoja ya "mali ya mjomba wetu", watoto wanajibu "baba yetu". Wote walipendwa kweli, na wote wana ushahidi wa mapenzi hayo. Kilichokosekana ni maandishi.

Basi yafanyike mwenye mali akiwa hai. Aite mke, watoto wakubwa, mjomba wa watoto na wapwa zake, waende shambani wote, siyo kuishia barazani. Waonyeshane mipaka na kuhesabu miti, kila upande uandike idadi. Kama ardhi ni ya kijiji, waombe hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, majina ya mke na mume yote yawemo. Akaunti ya malipo ya korosho nayo waizungumze siku hiyohiyo.

Kwa Muislamu, mpwa si mrithi palipo na watoto wa kiume, lakini mjomba anaweza kumuusia, mradi wosia usizidi theluthi ya mali. Akitaka kumpa mtu miti leo, hiyo ni hiba, na lazima akabidhi: aliyepewa aanze kupalilia na kuvuna mwenyewe. Hiba ya mdomoni ambayo mtoaji anaendelea kuvuna ndiyo inayozaa kesi. Mashahidi wasiwe warithi.

Kwenye kikao hicho mtani asikosekane. Ndiye anayetukana wafiwa mpaka wanacheka, kisha anashika jembe la kaburi. Harithi kitu, wala haogopi kumwambia mjomba mbele ya watu kwamba anadhulumu, na mjomba hawezi kununa. Maneno ambayo mtoto hawezi kumtamkia mjomba wake, apewe mtani ayaseme.