Wembe wa kale wa kukunja: usome kwanza, msasa baadaye

Ukiupata wembe wa kukunja wenye kutu, chukua lensi ya kukuza mara 10 na taa kali, kisha uangalie shingo yake, ile sehemu nene isiyokata kati ya ubapa na mkia, kile kipande cha mwisho kinachotokeza nje ya mpini. Muhuri wa mtengenezaji umegongwa hapo. Ukiusugua ukafutika haurudi, na pamoja nao inapotea njia ya kuujua wembe wenyewe.

Miji inayojitokeza sana kwenye nyembe za Ulaya ni Sheffield ya Uingereza, Solingen ya Ujerumani, Thiers ya Ufaransa na Eskilstuna ya Uswidi. Taji lenye herufi W na R ni la enzi ya mfalme William IV, 1830 hadi 1837. V na R ni za malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Herufi G na R hazisaidii sana, maana wafalme walioitwa George walikuwa wengi. Jina la nchi, kama “England”, kwa kawaida linaashiria 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka. Lakini jina likikosekana usikimbilie kusema wembe ni wa zamani zaidi: si kila wembe ulitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Umbo nalo lina lake la kusema. Mkia mfupi mno au usiokuwepo, pamoja na ubapa mnene kama kabari, huelekeza karne ya 18 au mwanzoni mwa ya 19. Ubapa uliochimbwa pande zote mbili hadi ukawa mwembamba sana ni kazi ya baadaye.

Geukia mpini. Pembe ya ng'ombe iliyokauka hulainika ikilowekwa kwenye mafuta kwa siku kadhaa. Seluloidi, aina ya plastiki ya kale, ndiyo ya kuogopa: ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi, na utaona kutu imejipanga pale tu ubapa unapolala ndani ya mpini. Mpini wa namna hiyo ondoa, usiuokoe, na uweke mbali na nyembe nyingine. Tena seluloidi hushika moto upesi, kwa hiyo usiitoboe kwa keekee ya kasi wala kuipasha joto.

Kama mpini ni mzima na ribiti, yaani vijiti vya chuma vinavyoushikilia, hazijalegea, napendelea kuuacha ulivyo na kusafisha ubapa papo hapo. Ikibidi kufungua, piga tupa kichwa cha ribiti mpaka kilingane na washa (kile kipete cha chuma kilicho chini yake), kisha usukume kijiti kwa tindo nyembamba huku mpini umekaa juu ya kibao chenye tundu. Ukigonga bila kichwa kuisha, pembe hupasuka tunduni.

Kutu nyekundu hutoka kwa mafuta mepesi na sufi ya chuma laini kabisa. Madoa meusi yenye vishimo yanahitaji msasa wa maji wa namba 400, 600, 1000, 2000 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), kwa mkono, ubapa ukiwa umelazwa juu ya kibao na kidole hakivuki makali. Palipo na dhahabu au maandishi yaliyochorwa kwa asidi, pita mbali. Mashine ya kusugua sikubaliani nayo hata kidogo. Chuma cha wembe huanza kupoteza ugumu kikipita nyuzi joto 200 hivi, na ukingo mwembamba hufika hapo kwa sekunde chache. Ukiona rangi ya buluu makalini, sehemu hiyo haitashika makali tena.

Vishimo vilivyo katikati ya ubapa viache, havikati ndevu. Vilivyofika makalini ndivyo vinavyobomoka wakati wa kunoa, na dawa ni kurudisha makali nyuma hadi kwenye chuma kizima.

Kabla ya kunoa, pima. Mgongo wenye unene wa milimita 4.5 na upana wa milimita 16 kutoka mgongoni hadi makalini huleta pembe ya nyuzi 16 hivi, ambayo ni nzuri. Mgongo ukiwa umelika hadi 3.8, pembe hushuka chini ya 14 na makali huwa dhaifu. Tabaka moja la utepe wa umeme mgongoni, wa unene wa milimita 0.15, huongeza karibu nyuzi moja.

Kwenye jiwe, mgongo na makali hulala pamoja, makali yakitangulia. Kazi nzima imo kwenye jiwe la namba 1000 (namba za mawe nazo zikipanda, jiwe ni laini zaidi): noa hadi mashavu mawili ya makali, yaani pande zake mbili zinazonolewa, yakutane kuanzia kisigino, mwisho wa makali ulio karibu na shingo, hadi nchani. Yatazame makali kwa juu chini ya taa. Nukta yoyote inayong'aa ni mahali ambapo hayajakutana. Wengi huruka hapa, kisha hulilaumu jiwe la 8000 kwa kosa la la 1000. Ubapa uliopinda kidogo hunolewa kwa kuuvuta mshazari, ili kila sehemu iguse jiwe kwa zamu. Endelea na 4000, 8000 na 12000, ukipunguza mkandamizo mpaka ubaki uzito wa wembe wenyewe. Malizia kwa mipigo 50 kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Kugeuza ni juu ya mgongo, la sivyo utaukata mkanda na kuyakunja makali.

Ribiti mpya ni kijiti cha shaba ya njano cha milimita 1.6. Kiache kitokeze chini kidogo ya milimita 1 kila upande, halafu ukigonge kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi mengi. Kikizidi urefu hupinda ndani ya tundu. Funga wembe polepole utazame makali yanaingia wapi. Yakigusa upande mmoja wa mpini, chonga upya kabari inayotenganisha pande mbili za mpini mwishoni kabla ya kukaza. Ukishamaliza, futa kwa spiriti, pakaa mafuta mepesi, na usiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu.