Mambo ya mwili ninayowaonyesha watoto wakija kupimwa sare

Kuanzia Krismasi hadi shule zifunguliwe Januari, usingizi kwangu ni wa kuibia. Nashona sare karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, na msimu huo foleni ya akina mama na watoto hufika hadi kwa jirani yangu muuza omena. Akina mama hawana neno, wao wana bei ya kubishania. Watoto ndio huchoka. Na mtoto aliyechoka hasimami wima: anajipinda, anaingiza tumbo ndani, halafu sketi ikiwa tayari inambana na lawama ni za fundi. Basi nikaanza kuwapa kazi. Tepu ninayo, mwili wanao, tupime vitu ambavyo mama hakuviagiza.

Huwa tunaanza na mikono. Mtoto anasimama mgongo ukutani, ananyoosha mikono pande zote mbili kama mtu anayezuia ng'ombe, nami napima kutoka ncha ya kidole cha kati cha kulia hadi ya kushoto. Kisha napima urefu wake, kisiginoni hadi utosini. Kwa mtu mzima namba hizo mbili hukaribiana sana. Leonardo da Vinci alilichora jambo hilo karibu mwaka 1490, mtu ndani ya duara na mraba, akifuata maandishi ya Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale. Kwa watoto wadogo mikono huwa imebaki nyuma kidogo, na hapo ndipo kelele huanza, maana kila mmoja anataka zitoke sawa na wengine huvuta mabega mpaka nawaonea huruma.

Kuna kingine cha haraka: kutoka kwenye mkunjo wa kiwiko hadi kwenye kifundo cha mkono, urefu wake unakaribia sana wa unyayo wako. Vua kiatu ujaribu. Hiki huwa kinawaangusha kwa kicheko, hasa kwa sababu lazima mtu abebe mguu wake mwenyewe kwa mikono.

Ila kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji tepu, na wazee wetu wanakijua. Zamani, watoto wengi walipokuwa hawana cheti cha kuzaliwa na mama anakumbuka tu kwamba huyu alizaliwa mwaka wa njaa na yule mwaka wa mafuriko, mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya utosi aguse sikio la kushoto. Ukigusa, ingia darasa la kwanza. Usipogusa, rudi nyumbani ukachunge mbuzi hadi mwakani. Mama yangu aliingia shule kwa njia hiyo huko Siaya. Anasema kulikuwa na wajanja waliolaza kichwa begani ili kufupisha safari, na mwalimu alikuwa akiwashika kidevu na kukinyoosha kwanza, ndipo anasema, haya, sasa shika.

Mwalimu hakuwa anabahatisha. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Kichwa hutangulia kukua, viungo vingine vinafuata nyuma yake, ndiyo maana mtoto wa miaka mitatu akipitisha mkono juu hufika utosini na kukwama hapo. Akikaribia miaka 6 au 7, mkono huwa umeshakipata kichwa. Bila shaka mtihani huo uliwaonea wenye mikono mifupi, lakini kwa mwalimu asiye na karatasi yoyote mkononi, ulikuwa werevu.

Mimi hulionyesha jambo hilo kwa kofia. Mzunguko wa kichwa cha mtoto mchanga ni sentimita 35 hivi. Akitimiza mwaka mmoja ni kama 46. Akiwa na miaka 5 ni karibu 51, na watu wazima wengi wako kati ya 54 na 58. Yaani yule wa chekechea anayelia hapo mlangoni amebakiza sentimita chache tu za kichwa, lakini urefu wa mwili amebakiza zaidi ya nusu mita. Ndugu yake mkubwa akimcheka kwamba ana kichwa kikubwa, mimi humwambia ndivyo inavyotakiwa.

Hapa niwajibu akina mama wanaodai fundi ameiba kitambaa, kwa sababu suruali ya Januari inaonyesha soksi kufikia Agosti. Mtoto wa shule ya msingi, kabla ya kubaleghe, huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hizo ni miguu. Akianza kubaleghe mambo huenda kasi, tena kwa mpangilio: nyayo hutangulia, kisha miguu na mikono, kiwiliwili huja mwisho. Ndiyo maana mvulana wa miaka 13 viatu vinamkataa, kisha suruali, na shati bado linamtosha kifuani huku mikono yake imefika nusu ya kigasha. Mimi huacha pindo pana la ndani. Mama akisema nipunguze kitambaa, napunguza, lakini namwambia tutaonana.

Tepu yangu ina sentimita 150. Namwambia mtoto aitandaze sakafuni, atie alama ya chaki mwisho wake, aendelee kutoka hapo, mara nne. Huo mstari wa mita 6, unaotoka kwenye cherehani hadi nje barabarani, ndio urefu wa utumbo mdogo wa mtu mzima, kwa makadirio ya kawaida. Wanautazama mstari, wanatazama matumbo yao, wanautazama tena. Umekunjwa humo ndani mara nyingi, nawaambia, na bado kuna utumbo mpana wa mita moja na nusu unaouzunguka. Msichana mmoja aliniuliza kama ugali unaenda mwendo wote huo. Unaenda wote, na huchukua saa nyingi.

Ngozi nayo naielewa kwa kitambaa. Ya mtu mzima, ukiitandaza, ni kati ya mita moja na nusu na mbili za mraba. Kitambaa cha upana wa sentimita 150, mita moja na robo inakaribia kabisa. Mtoto wa miaka 8 au 9 ana kama mita moja ya mraba. Na tabaka lake la juu hubadilishwa karibu kila mwezi bila mtu kulipa.

Kuna yale ya kwamba mishipa ya damu ikiunganishwa itazunguka dunia. Hayo siyasemi dukani, maana mtoto hana pa kuyashika. Mifupa wanaweza kuishika. Mtu mzima ana 206, mtoto mchanga ana karibu 300, na kila nikisema hivyo kuna anayebisha kwamba nimegeuza. Sijageuza. Mingine huungana kadiri mtoto anavyokua. Katika hiyo 206, mikono miwili kuanzia kifundo hadi ncha za vidole ina 54 na nyayo mbili zina 52. Zaidi ya nusu ya mifupa yako imejaa kwenye soksi na glavu. Shingoni una pingili saba, na twiga pia ana saba. Waliowahi kupelekwa na shule Ziwa Nakuru wakawaona twiga hawaamini hata kidogo. Zake ni ndefu tu.

Urefu wenyewe haukai sawa kutwa nzima. Asubuhi ukiamka wewe ni mrefu kuliko jioni, kama sentimita moja kwa mtu mzima, kwa sababu kati ya pingili za mgongo kuna visahani laini vinavyobanwa na uzito ukisimama, kisha vinajaa tena ukilala. Tieni alama kwenye fremu ya mlango asubuhi na nyingine usiku muone. Wanaanga, ambao mgongo wao haubebi kitu, huweza kurefuka hadi asilimia 3 wakiwa juu, na hurudi walivyokuwa wakirejea. Miguu haibadiliki hivyo, kwa hiyo suruali nipimie saa yoyote.

Wakiniuliza mtu mrefu kupita wote, huwa nina jibu: Robert Wadlow wa Marekani, sentimita 272, aliyefariki mwaka 1940 akiwa na miaka 22 na bado anakua. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ilimwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Unyayo wake ulikuwa sentimita 47. Mshono wa ndani wa suruali yake sitaki hata kuufikiria.

Lingine wanalolipenda ni la vidole. Shika kigasha chako chini kidogo ya kiwiko, kisha chezesha vidole vya mkono huo. Unasikia kitu kinatembea? Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja. Misuli iko kwenye kigasha na kiganjani, na inavivuta kwa kano ndefu. Sasa weka simu kando. Laza kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vibaki vimenyooka. Inua gumba. Inua cha shahada. Inua kidogo cha mwisho. Haya, inua cha pete. Hakitainuka, hata ukikitukana, kwa sababu kano zake zimeunganishwa na za jirani yake, na jirani umemfunga.