Kamba Ikikaza, Simama

Matembezini, mbwa mdogo huvuta kamba kwa sababu kuvuta kunamfikisha anakotaka. Basi kusimfikishe.

Mvalishe mkanda wa kifuani badala ya ule wa shingoni. Bomba lake la hewa ni laini, akivuta huanza kukohoa. Kamba iwe ya mita 2 hivi. Ile inayojikunja yenyewe iache nyumbani, maana humfundisha kuwa akivuta anaongezewa urefu!

Ikikaza, simama kimya. Ikilegea, hata kwa kugeuza kichwa tu, papo hapo mpe kipande cha nyama kama punje ya dengu, ukikishusha kando ya kifundo chako cha mguu. Ukikitolea juu, atazoea kuruka. Dakika 5, mara 2 au 3 kwa siku, zinatosha.

Kinachoharibu kazi ni kumwachia avute siku ukiwa na haraka. Siku hiyo mbebe.