Nilimwambia mama nakwenda kuzamia

Kosa lilianzia kwenye neno. Nilimpigia mama Jumapili jioni nikamwambia, "Mama, wiki ijayo siji Temeke, nakwenda Mafia kuzamia." Kimya. Nikawa nasikia mafuta yanavyochemka kwenye karai lake. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unazamia uende wapi, mwanangu? Kazi si unayo?"

Mtaani kwetu kuzamia maana yake ni moja tu: unajificha kwenye meli pale bandarini, Mungu akijalia unaibukia Durban. Mtoto wa jirani alifanya hivyo sisi tukiwa shule ya msingi, na mama yake mpaka leo hapendi kusikia honi ya meli. Ilinichukua muda kumweleza mama kwamba mimi nazama na kurudi siku ileile, nikiwa na mtungi wa hewa mgongoni na mwalimu pembeni. "Na unawalipa?" Nawalipa. Hapo alicheka mpaka nikakata simu.

Niseme la pesa mapema, maana ndilo swali ninaloulizwa kila mahali. Ni pesa ya upatu. Zamu yangu ilipofika wenzangu walidhani nitanunua friji. Bei za kozi zimeandikwa kwa dola, na ukiwa Mtanzania usione haya kuuliza bei ya mwananchi. Mimi niliuliza nikapunguziwa. Gharama nyingine ilitangulia: miezi mitatu ya Jumapili kwenye bwawa la hoteli moja Dar, kujifunza kuogelea nikiwa na miaka thelathini na minne, huku watoto wa miaka sita wakinipita. Kwenye kozi wanataka uogelee mita 200 bila kusimama na uelee dakika kumi. Kuelea kulinishinda wiki nyingi kuliko kuogelea.

Wenye haraka hupanda ndege ndogo Dar, nusu saa hivi wameshatua Kilindoni. Mimi nilipanda basi Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, kisha kivuko kikapita katikati ya mikoko ya Rufiji kabla ya kutokea bahari wazi. Ilikuwa Februari, kaskazi imetulia, maji kama shuka lililopigwa pasi. Kutoka Kilindoni, bajaji ikanipeleka Utende upande wa pili wa kisiwa, na getini nikalipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, na ina kilomita za mraba 822, bahari na vijiji vyake humo humo. Watu wanaishi, wanavua, wanaozesha. Si mbuga ya kufukuza watu.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa Jibondo, kisiwa unachokiona ng'ambo ya ghuba ya Chole, na nahodha alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuondoa macho kwenye maji. Nilikuwa na wasiwasi kuhusu mavazi, sitaficha. Nikaletewa vazi la mpira: linaanzia shingoni, linaishia kwenye kifundo cha mguu na cha mkono, na kofia yake ya mpira inafunika nywele zote. Limenisitiri kuliko baibui langu la kwendea harusini. Shida ni kulivaa. Nililivuta robo saa, nikatoka jasho, na mwishowe mwalimu akanishauri nivae mfuko wa plastiki mguuni kwanza, mguu ukateleza kama sabuni.

Siku ya kwanza tulikaa kwenye maji ya kifuani tukirudia mambo madogo. Kuvua kidaka hewa, kile kifaa cha kupumulia, mdomoni na kukirudisha. Kujaza maji kwenye miwani, kisha kuyatoa kwa kupulizia puani huku unatazama juu. Hilo la miwani nusura linirudishe Temeke. Mara mbili nilivuta hewa kwa pua badala ya kupuliza, chumvi ikapanda mpaka kwenye ubongo, nikaibuka nakohoa kama mvuta sigara. Mwalimu hakusema "usiogope". Alisema, "Dada, piga magoti, shika mchanga, hesabu pumzi kumi." Nikashika mchanga. Pumzi ya saba nikagundua nimeshaacha kuhesabu.

Tena, dole gumba. Sisi dole juu ni "poa". Chini ya maji dole juu maana yake ni "tupande". Nilimwonyesha mwalimu dole kwa furaha mara mbili, mara zote mbili akanipandisha.

Sasa nieleze kwa nini hasa nilikwenda. Mama anauza samaki wa kukaanga tangu sijazaliwa. Ananunua Feri, soko la samaki la Dar, alfajiri, na mimi nimekua nikiparua magamba na kutumbua kabla ya kwenda shule. Changu, tasi, chewa, puju, kibua, wote nawajua kwa mgongo na kwa tumbo, najua nani ana mwiba mkali na nani anavunjika karaini ukimgeuza upesi. Lakini hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona akiwa hai. Siku moja mwaka jana nilikuwa natazama beseni likanijia hivyo tu: nimewashika maelfu, sijawahi kumwona hata mmoja akigeuka.

Siku ya tatu tulishuka mita kumi na mbili ndani ya ghuba. Kila mita mbili tatu unabana pua na kupuliza masikio yafunguke, la sivyo yanauma kama sindano. Jambo la kwanza lililonishtua ni vidole vyangu. Nilikuwa na hina ya harusi ya binamu, nyekundu iliyokolea. Kule chini ikawa nyeusi kama masizi, kwa sababu maji huila rangi nyekundu kwanza kabla ya nyingine. Mwalimu akanimulika kwa tochi na hina ikarudi, nyekundu, kwenye duara la mwanga tu. Nikaupeleka mkono nje ya mwanga na kuurudisha, nje na ndani, kama mtoto na swichi ya taa.

Halafu nikasikia sauti. Kruk, kruk, kama mtu anatafuna kashata sikioni. Majini huwezi kujua sauti inatoka upande gani, nikawa nageuza kichwa kama kuku. Mwalimu akanyoosha kidole. Pono! Pono niliyemjua mimi ni wa beseni, amefifia, jicho lina ukungu, nyama laini isiyotaka mchezo. Huyu alikuwa wa kijani ya embe bichi, shavuni ana mistari ya waridi, ukingo wa mapezi ni buluu ambayo sina kanga yenye rangi yake. Meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku. Anauma mwamba, kruk, anasonga mbele, anauma tena. Na kila baada ya muda kidogo nyuma yake unashuka moshi mweupe, unatua taratibu. Nilidhani anaumwa. Tulipopanda botini mwalimu akanieleza kwamba anautafuna mwamba kwa ajili ya majani madogo yaliyoota juu yake, mawe anayasaga kooni, na anachotoa ni mchanga.

Jioni nahodha, tukiwa tunakunywa tangawizi, alianza kuzungumza mwenyewe. Akasema matumbawe haya tuyaonayo hayakuwa hivi. Mwaka 1998, ileile elinino iliyotuletea mafuriko huku Dar iliyachemsha maji ya kwao, matumbawe yakapauka, meupe kama mifupa, mengi yakafa. Kabla ya hapo kulikuwa na baruti. Kesho yake mwalimu alinionyesha sehemu ya vifusi, vipande vya matumbawe vimelala kama kokoto za kujengea, hakuna samaki. Nikakumbuka mkono wa mama pale Feri. Humbonyeza samaki mgongoni kwa kidole gumba, akikuta uti umevunjika na damu imevilia ndani anamrudisha na kusema, "Huyu wa baruti, mpe mwenzako." Sikuwahi kumuuliza kule alikotoka huyo samaki kumebaki nini.

Siku ya mwisho walinipeleka mlango wa Kinasi, pale bahari kuu inapoingilia ghuba. Pale saa ndiyo kila kitu. Unaingia maji yakiwa yanajaa, mkondo unakuleta ndani ya ghuba na maji ya bahari kuu yaliyo safi. Ukikosea ukaingia yanapokupwa, unasukumwa nje, na nje ni bahari tupu. Nahodha hakutazama simu wala jedwali. Alitazama jiwe moja ufukweni, akasema bado, tukangoja, akasema sasa. Tulishuka mpaka mita kumi na nane, ambazo ndizo mwisho kwa cheti changu. Sikupiga pezi hata moja. Unaning'inia tu, ukuta unapita, chewa mkubwa kuliko meza ya mama anakutazama kwa dharau. Mtungi ulianza na presha ya hewa ya baa 200, nikaumaliza mpaka 50 kabla ya mwalimu kutumia hata nusu ya wake. Nilikuwa napumua kama napandishwa ngazi.

Mgeni mmoja tuliyekuwa naye botini hakushuka siku hiyo. Alikuwa na ndege kesho asubuhi, na baada ya kuzama kwa siku kadhaa mfululizo unatakiwa ungoje saa 18 kabla ya kupanda ndege, ili ile naitrojeni iliyoingia mwilini itoke taratibu. Alikaa botini akituangalia tunavyovaa. Kivuko cha Nyamisati hakina sharti hilo, na ndiyo mara yangu ya kwanza kushukuru kwa kukosa nauli ya ndege.

Nilifika Temeke jioni, chumvi bado kwenye nyusi. Mama yuko pale pale, karai, benchi, wateja wawili. Nikamweleza yote, mkondo, hina, chewa. Nikahifadhi la pono mpaka mwisho. "Mama, ule mchanga mweupe wanaousifu watalii, sehemu yake imepitia tumboni mwa pono. Nimemwona kwa macho yangu akiutoa."

Mama akageuza kipande karaini, akanitazama.

"Kwani ulipokuwa ukitumbua pono ulifumba macho? Ile kama chokaa inayojaa kwenye utumbo wake, ulidhani ni nini?" Akanisogezea kisu kwa mguu. "Wako watatu kwenye beseni. Toa saa, uanze."