Mimi Naanzia Chini

Alhamisi usiku

Leo sikukwea mti hata mmoja, lakini magoti yananiuma kuliko siku za kukwea, maana nimeshinda nimeyapiga kwenye matope ya Milimani.

Mteja ni mama mstaafu mwenye mjakaranda mkubwa ulioinama kuelekea paa lake. Mvua ya juzi ilimnyima usingizi, asubuhi akapiga simu: "Fundi, njoo ukate kichwa, huu mti utatuua." Hapa Nakuru hiyo ndiyo kazi ninayoitiwa zaidi. Mti ukishapita paa, umekuwa adui.

Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza nilitazame shina." Sura ikamshuka. Alitegemea mtu wa kamba na pawa so, ule msumeno wa injini, akaletewa mtu anayezunguka mti akiugonga kwa mpini wa nyundo. Mbao nzima hutoa mlio mfupi, mkavu. Palipo na pango pananguruma kama ngoma. Wake ulijibu vizuri pande zote. Hakukuwa na njia za mchwa, wala ule uyoga mgumu unaoota shinani, ambao ukiuona ujue uozo ulianza ndani zamani.

Shida niliikuta upande wa geti. Saruji ya kuegeshea gari imemwagwa mpaka ikagusa gome. Upande wa barabara, nje ya ua, kuna mtaro wa mabomba uliochimbwa na kufukiwa. Nikafukua kidogo kwa mkono, nikakutana na mizizi miwili minene iliyopasuliwa kwa sururu, nyuzi zimetoka nje.

Wengi wanaamini mti una mzizi mmoja mkubwa unaoshuka moja kwa moja, kwa hiyo mtaro wa kimo cha goti hauwezi kuudhuru. Kumbe sehemu kubwa ya mizizi iko kwenye nusu mita ya juu, nayo husambaa kupita kivuli cha matawi. Mtaro wa goti unatosha kabisa kuuondolea mti upande mzima wa nanga yake. Tena udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unakunywa maji haraka. Na ukiona ufa ardhini usikimbilie kuulaumu mti. Tuko ndani ya Bonde la Ufa, na baada ya mvua kubwa ardhi ya huku hupasuka yenyewe hata pasipokuwa na mti.

Mama akauliza, "Na huku kuinama?" Nikamwonyesha: shina limeinama, lakini sehemu ya juu imejinyoosha na kutazama mbinguni. Maana yake uliinama ukiwa mdogo, ukitafuta mwanga, na umeishi hivyo miaka yote. Ninaouogopa mimi ni ule ulioinama wiki hii, na udongo upande wa nyuma umeinuka. Huo nikiuona nawatoa watu nyumbani kwanza, bei tutaongea baadaye.

Kichwa sikati. Majani ndiyo yanayoilisha mizizi, na mizizi hii tayari imeumizwa. Halafu mti hauponi kidonda kama ngozi yetu, huzungushia uozo ukuta na kuota mbao mpya kwa nje. Mtafiti mmoja Mmarekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kwa pawa so kulifuatilia jambo hilo. Ukiukata kichwa, vidonda ni vikubwa mno kwa ukuta huo, na machipukizi yanayofumuka yameshikilia juu juu tu, pembeni ya kisiki kinachooza. Miaka michache baadaye una kichwa kizito kuliko kile cha kwanza, kimeegemea mbao bovu. Kupaka oili chafu kwenye kidonda hakusaidii kitu.

Nitakachokata ni tawi moja lililokufa juu ya paa na jingine linalosugua mabati. Nitakata kwa awamu tatu. Kwanza chini ya tawi, kama futi moja kutoka shinani, theluthi ya unene. Kisha juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchuna gome la shina. Mwisho kile kipande kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe pale tawi linapoungana na shina. Uvimbe wenyewe haukatwi kabisa, ndio unaofunga kidonda. Nitapanda kwa kamba. Viatu vya misumari ni vya mti unaoangushwa, si huu.

Hapo ndipo mama aliponikazia macho. "Sasa fundi, ukate kidogo halafu unitoze hivyo? Wale vijana walisema watauangusha wote kwa nusu ya bei."

Nusu ya bei ninaielewa. Mbao za mjakaranda zinanunuliwa na wachongaji wa vinyago, na matawi ni kuni, kwa hiyo anayeangusha analipwa mara mbili. Ushauri wa fundi anayeondoka na magogo siuamini sana, hata fundi huyo akiwa mimi.

Tumekubaliana saruji itolewe mita moja na nusu kuzunguka shina, pajazwe mboji na majani makavu, visiguse gome. Gari litaegeshwa kwingine. Nitaukagua tena kabla ya mvua za vuli. Jumatatu nakwenda na tindo na nyundo, pawa so inabaki nyumbani. Bei ya kuvunja saruji bado tunavutana.