Saa ya ukutani ilivyonichezea SUV

Miezi miwili nimeambiwa na wenzangu kazini "acha mashine ya watu, si inasoma moja?" sasa na mimi acheni niseme.

Mimi ni teknolojisti wa PET Nairobi, ile skana inayoonyesha dawa yenye mionzi imekusanyika wapi mwilini. Watu wanadhani tunapiga picha tu, kumbe daktari anataka namba. Anataka SUV, yaani uvimbe umevuta ile sukari yenye mionzi, FDG, mara ngapi ukilinganisha na kama ingesambaa mwilini sawasawa, ndio mgonjwa akirudi baada ya kemo ijulikane dawa inashika ama la. Sasa daktari akaanza kulalamika, ini la mgonjwa yuleyule leo 2.1, akirudi 2.4, na ini lenyewe ni zima. Tukajaza fantomu, ule mtungi wa maji yenye FDG kidogo ambao ukipimwa lazima usome 1.0. Ikasoma 1.02. Bosi akafurahi, kesi ikafungwa.

Mimi sikulala. Nikagundua hatupimi mabaki ya sirinji. Unamdunga mtu, unatupa, kumbe ndani imebaki asilimia 3, siku nyingine 8, na kompyuta inaamini imeingia yote. Nikaanza kurudisha kila sirinji kwenye dozi kalibreta, ile mashine ya kupima dozi ina mionzi kiasi gani, na kutoa yale mabaki kwenye hesabu, nikajiona profesa, nikaita watu waje waone fantomu mpya. 1.08! Walicheka mpaka wakakaa chini. "Ulipokuwa hujagusa ilikuwa nzuri." Fundi mmoja akanishauri tubadilishe tu namba ya kalibresheni irudi moja, yaani nyumba ina ufa wewe unapaka rangi. Nikajaza tena mara tatu, nikalaumu mapovu ya hewa, nikapima mtungi mtupu na uliojaa kwenye mizani maana zile lita za kwenye lebo siziamini hata kidogo. Ujazo uko sawa. 1.08.

Jumatano moja niko chumba cha dozi, redio ya mlinzi nje inalia pi, pi, piii, "saa nne kamili". Nikainua macho ukutani: saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

Nilisimama pale kama mjinga. Sisi sote tunasoma saa hiyo kuandika dozi imepimwa lini, na skana inafuata saa ya kompyuta yake. Florini-18, ile yenye mionzi ndani ya FDG, inapungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo dakika 12 ni kama asilimia 8 hivi. Saa ya ukutani iko nyuma, tunaandika dozi imepimwa mapema kuliko ukweli, kwa hiyo skana ilikuwa inadhani dawa imekaa zaidi na kupungua zaidi kuliko kweli, inagawanya kwa dozi ndogo, SUV inapanda. Mabaki ya sirinji nayo yanaishusha. Wezi wawili wanatoleana ushahidi! Kwenye fantomu walikutana wakafutana, kwa mgonjwa mabaki hayalingani siku mbili na saa nayo ilikuwa inazidi kubaki nyuma.

Niling'oa ile saa, nikanunua ya kidijitali, mia nane au elfu hivi, na kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza napiga picha za simu saa zote tatu: ukutani, kalibreta, skana. Zikipishana hata dakika moja tunarekebisha. Fantomu: 1.01, na safari hii ya haki.

Na mgonjwa mpime uzito, usimuulize. Mama mmoja alituambia kilo 70, mizani ikasema 83, na SUV inafuata uzito hivyohivyo.

Aa, halafu kuna yule mwanafunzi wa attachment, nilimwambia dozi imepimwa saa tatu na dakika kumi, akaandika 3:10 badala ya 9:10. Kompyuta ikadhani dawa imekaa saa sita zaidi, ini likasoma 20. Tulimwita daktari mbio.

Ile saa ya zamani mlinzi aliniomba. Akaitia betri mpya, inatembea sawasawa kabisa kibandani kwake.